Siku 40 za Daftari

Huku Nakivale, makazi ya wakimbizi Uganda, ukimuuliza mtu habari akakujibu "tunamshukuru Mungu", usiendelee kuuliza. Ama mtoto ana homa, ama deni la duka limeiva, ama mke amekwenda kumsalimia mama yake na hakusema atarudi lini. Jibu hilo ni pazia la mlangoni: linaficha nyumba ambayo haijafagiliwa. Nimelitumia miaka yote niliyokaa hapa na halijawahi kuniangusha. Jirani yangu Msomali mwenye duka pale Base Camp naye analo lake, "alhamdulillahi", na hulitoa hata wakati anakuonyesha gunia la unga lililotobolewa na panya.

Kwa hiyo mchungaji wetu aliposimama Jumapili moja akasema kanisa lake halina shukrani, tulitazamana. Sisi? Watu tunaoshukuru tangu jogoo la kwanza?

"Mnashukuru kwa mdomo," akasema. "Safari hii mtashukuru kwa kalamu."

Akatoa kazi ya siku 40. Kila nyumba inunue daftari. Kila siku yaandikwe mambo matatu ya kumshukuru Mungu, wala jambo lisirudiwe. Jumapili ya mwisho, siku ya sadaka ya shukrani, watu watano watasoma madaftari yao mbele ya kanisa zima. Mimi ni katibu wa kanisa na mwandiko wangu unasomeka. Kabla hatujafunga kwa maombi nilikuwa wa kwanza kati ya wale watano.

Kazi yangu ni ushonaji. Nina cherehani ya kukanyaga kwa miguu, naiweka chini ya baraza la shitingi, yaani turubai la plastiki, kando ya barabara. Mwaka 2023, wakimbizi tulio Uganda tulipopangwa makundi matatu ya chakula, nilitiwa katika kundi la tatu, la wanaojiweza, ambao hawapewi kitu. Sijawahi kupewa sifa iliyonigharimu kiasi kile. Na hapa niseme neno kuhusu posho, maana neno hili huwachanganya wageni sana. Kwa Kiswahili tulichotoka nacho Kongo, posho ni mgao. Kwa watu wa Uganda, posho ni ugali wenyewe. Zamani, basi, tulikuwa tunakula posho ya posho. Siku hizi posho imekwisha, na posho tunanunua.

Daftari nilinunua, la jalada la bluu. Siku ya kwanza niliandika uhai, afya, pumzi. Siku ya pili macho, masikio, miguu. Nilijiona nimegundua njia ya mkato, kwa kuwa mwili wa binadamu una viungo vingi na siku ni 40 tu. Lakini viungo huisha upesi kuliko mtu anavyodhani. Kufika siku ya tano nilikuwa nimemaliza vyote vinavyoweza kutajwa mbele ya watoto, nikawa nashukuru kwa kisigino.

Siku ya sita mama watoto alilikuta daftari juu ya cherehani. Akalisoma taratibu, ukurasa kwa ukurasa, kama mtu anayekagua risiti.

"Papa, kisigino kiko hapa."

"Kiko, mama."

"Kisogo kiko."

"Kiko."

"Kope ziko. Za juu na za chini."

"Ziko."

"Mimi niko ukurasa gani?"

Siku ya saba nilimshukuru Mungu kwa mke mwema, kwa mpishi hodari na kwa mama bora wa watoto wangu. Nafasi zote tatu nilimpa yeye. Alisoma, akalifunga daftari, akasema shukrani ya kukumbushwa ni kama chai ya kuombwa: inanyweka, lakini sukari yake huisikii.

Niliwahi kusoma kwenye simu kwamba Wamarekani wawili wataalamu wa saikolojia, Robert Emmons na Michael McCullough, walichapisha mwaka 2003 utafiti wa jambo hili hili. Watu waliwekwa katika makundi: wengine waandike baraka zao, wengine kero zao, wengine mambo yaliyotokea tu. Walioandika baraka walisema wanayaona maisha yao kuwa mazuri zaidi. Sikatai. Lakini wangekuja kwangu wangeokoa fedha nyingi, kwani makundi yote matatu yalikuwa chini ya paa moja. Baraka nilikuwa naandika mimi. Kero zilikuwa za mama watoto, na yeye hakuhitaji daftari. Mambo yaliyotokea tu yaliandikwa na mtoto wetu wa darasa la tatu, aliyechora pikipiki ukurasa mzima katika siku yangu ya tisa.

Paa lenyewe lilitoboka siku ya kumi na moja. Mvua ya usiku ilipita kwenye shitingi, ikachagua mahali pa kudondokea: mto wangu. Niliamka nikaweka beseni, nikawasha tochi ya simu, nikaanza kuandika asante kwa maji safi ya bure. Hapa Nakivale maji ni ya foleni, kwa hiyo sikuwa nasema uongo. Mama watoto akageuka.

"Unaandika nini saa tisa ya usiku?"

"Nashukuru kwa kila jambo. Paulo amesema."

"Paulo alisema ushukuru kwa kila jambo, hakusema ushukuru kwa ajili ya kila jambo. Panda juu uzibe."

Huyu mwanamke hakusoma chuo cha Biblia, lakini hapo alikuwa amegusa mfupa. Kiungo hicho "kwa" katika Wathesalonike wa Kwanza, sura ya tano, kinabeba mizigo miwili, kama boda boda. Nilimpelekea mchungaji swali hilo, naye akakiri kwamba Kigiriki cha Paulo ni "katika": ukiwa ndani ya jambo lolote, usiache kushukuru. Jambo lenyewe laweza kuwa baya na likabaki baya. Kisha, ili mama watoto asishinde moja kwa moja, Jumatano ile akahubiri habari za viroboto.

Wengi mnaijua. Corrie ten Boom na dada yake Betsie walikuwa Waholanzi, watu wa nyumba ya fundi saa katika mji wa Haarlem. Familia yao ilikuwa inawaficha Wayahudi, wakakamatwa Februari 1944, na hao wawili wakaishia kambi ya Ravensbrück, Ujerumani. Chumba chao kilijaa viroboto. Betsie akasema washukuru kwa kila kitu, viroboto wakiwemo. Corrie alimwona dada yake amevuka mpaka. Baadaye ikajulikana kuwa walinzi walikuwa hawaingii chumba kile kwa kuwaogopa viroboto hao, na ndiyo maana wanawake waliweza kusoma Biblia humo bila kusumbuliwa. Betsie alifia kambini Desemba mwaka huo huo. Corrie alitoka, na mwaka 1971 kitabu chao kikachapishwa.

Kanisa lilinyamaza. Hapa kwetu kambi si neno la kusimuliwa. Makazi haya yalianza kupokea watu mwaka 1958, miaka minne kabla Uganda haijawa na bendera yake, na wapo waliozaliwa hapa, wakaoa hapa, na bado wanajaza fomu ya mgeni. Nilirudi nyumbani nimeamua kwamba kiroboto chochote kitakachonijia nitakipokea kwa heshima.

Hapo ndipo kwaya ya mama walipoleta kazi. Walitaka sare ya siku ya shukrani, mama 14, kitambaa cha rangi ya zambarau, shingo ya mraba. Nikawapima mmoja mmoja nyuma ya pazia, nikaandika vipimo mwishoni mwa daftari lile lile la bluu. Msinihukumu. Shukrani zilianzia mbele, vipimo vikaanzia nyuma, na katikati palikuwa na kurasa za kutosha kama nchi mbili zenye amani.

Kiongozi wa kwaya alipofika zamu yake alisimama wima kama askari wa gwaride. Nilizungusha futi kiunoni, nikasoma, nikaandika 44. Akanitazama machoni.

"Fundi, hiyo namba ni yangu, yako na ya Mungu."

"Mama, futi haina mdomo," nikamjibu.

Siku ya 33 nilikwenda Mbarara kununua kitambaa. Taksi ilijaa ilivyo kawaida yake, na mimi nikapakatishwa kuku wa mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni, mwingine mapajani, na kapu katikati ya miguu. Kabla hatujafika lami gari lilizimika kwenye mlima. Tukashuka wanaume tukasukuma, vumbi jekundu mpaka kwenye meno, mimi kwapani nina kuku. Watu waliokuwa wakikata ndizi kando ya barabara walisimama kututazama, wakapaza sauti: "Mwebare!"

Kwa Wanyankole, wenyeji wa huku, hilo ndilo neno la asante. Nilidhani wanatushukuru kwa kuwa tunaondoka. Konda akanieleza kuwa ndiyo desturi yao: wakimkuta mtu kazini humshukuru, hata kama kazi yenyewe haiwahusu ndewe wala sikio. Unalima shamba lako, jirani anapita: "Webare kukora." Asante kwa kufanya kazi. Niliwaza sana juu ya hilo, kwa kadiri mtu anavyoweza kuwaza akiwa na kuku. Sisi tulihitaji mchungaji, kalamu na siku 40. Hawa wanaitoa bure, kwa mtu wasiyemjua, kwa sababu tu anatoka jasho.

Mjini nilizunguka maduka mpaka nikaipata ile zambarau. Kiswahili huko ni cha kutumia kwa adabu. Mzee mmoja aliponisikia nikipatana bei aliniuliza kama mimi ni mwanajeshi. Kwa wazee wa Mbarara lugha hii iliingia na bunduki: kwanza ya askari wa Amin, halafu, Februari 1979, ya Watanzania waliokuja kumwondoa. Nikamwonyesha futi yangu shingoni, akacheka, akaenda zake. Dada muuzaji akanipimia mita 35 kwa fimbo yake ya mbao, mbili na nusu kwa kila mama. Alipima haraka mpaka fimbo ikawa haionekani. Nikalipa, nikakimbilia stendi, nikakuta gari la mwisho limeondoka.

Nikalala gesti, kwa shilingi 15,000. Nilipozima taa, kunguni wakaanza kazi. Nikakumbuka Ravensbrück. Nikawasha taa, nikafungua daftari, nikaandika shukrani za siku: moja, gari lililozimika, mbili, kusukuma bila kuteguka, tatu, kunguni. Nikangoja maana yao ifunuliwe. Haikufunuliwa. Viroboto wa kule walifukuza walinzi. Kunguni wa Mbarara hawakufukuza mtu, kwa kuwa mlinzi wa gesti alikuja mara mbili kuuliza mbona taa haizimwi.

Kwa kuwa sikuwa na usingizi, nilitandaza kitambaa juu ya kitanda nikakipima upya kwa futi yangu. Kila mita ilikuwa imepungua sentimita saba. Ile fimbo ilikuwa imeliwa mwisho, sijui na mchwa au na biashara. Saba mara 35: karibu mita mbili na nusu. Mama mmoja mzima wa kwaya alikuwa amebaki dukani.

Nikafanya hesabu mpaka saa kumi, nani akatwe wapi ikiwa nitanyimwa. Nikanakili vipimo vyote 14 kwenye ukurasa uliokuwa wazi mbele yangu, chini ya wale kunguni. Mnaona msiba unakotokea. Mimi sikuuona.

Asubuhi nilikuwa mlangoni pa duka kabla halijafunguliwa. Sikuwa na maneno ya ugomvi kwa Kinyankole. Nilikuwa na neno moja. Dada alipofungua nikainamisha kichwa: "Webare munonga." Akashangaa. Nikaweka kitambaa juu ya meza, nikaweka futi yangu pembeni ya fimbo yake, nikarudia: "Webare munonga." Asante sana, dada, kwa mita mbili na nusu unazokwenda kuniongeza. Aliitazama fimbo, akawatazama wateja wawili waliokuwa nyuma yangu, akakata. Tangu siku hiyo naamini kwamba hakuna deni gumu kama la mtu aliyekwisha kukushukuru. Na kama si kunguni ningegundua ule upungufu nyumbani, nauli imekwisha. Nilipomweleza mama watoto hayo alisema Mungu angeweza kuniamsha kwa njia nyingine. Nilikubali. Hata hapo nilikuwa bado najikuna.

Jumapili ya mwisho kanisa lilifurika mpaka nje ya kuta za udongo. Kwaya waliingia na zambarau yao wakicheza, ikikaa vizuri, ninasema mwenyewe kwa kuwa hakuna aliyesema. Niliitwa. "Bwana Yesu asifiwe!" "Amina!" Miwani yangu nilikuwa nimemwazima mzee wa kanisa aliyesoma zaburi, akaketi nayo. Sikuona haja. Mwandiko ni wangu.

Makanisa yetu huitikia. Ukisema jambo, watu mia mbili wanakurudishia amina, na hiyo amina ina mwendo wake, inakubeba kama wimbi. Nilisoma kisigino, amina. Nilisoma mke mwema, amina, na wanawake wakapiga vigelegele. Nilisoma shitingi. Nilifika siku ya 33 nikiwa nimepamba moto.

"Namshukuru Mungu kwa gari lililozimika!"

"Amina!"

"Namshukuru Mungu kwa kunguni!"

"Amina!"

"Namshukuru Mungu kwa mama kiongozi wa kwaya! Kiuno, 44!"

"Amina!" likajibu kanisa, lote, kwa nguvu.

Kisha likasikia lilichokiitikia. Sijawahi kusikia watu mia mbili wakinyamaza kwa mpigo. Mpiga ngoma aliacha fimbo zikaanguka. Mchungaji alifunika uso kwa kitambaa cha jasho, na mabega yake yakawa yanatikisika. Mpaka leo anasema alikuwa anaomba. Mama watoto, katika benchi la tatu, alikuwa anatafuta kitu sakafuni.

Kiongozi wa kwaya akasimama. Akasogea mbele polepole, akanyoosha mkono, akachukua kipaza sauti kutoka kwangu. Nilifikiri juu ya mlango.

"Bwana asifiwe," akasema.

Amina ilikuwa ndogo.

"Mwaka 2012 nilivuka mpaka wa Bunagana na watoto wanne, usiku. Tulipofika kituo cha Nyakabande nilikuwa najifunga kitenge kinazunguka mara tatu. Mama mmoja aliyekuwa anatupokea alidhani mimi ni dada mkubwa wa watoto wangu. Sijui kilikuwa kiuno cha inchi ngapi, maana hakukuwa na fundi, kulikuwa na mifupa." Akajipiga kiunoni kwa viganja vyote viwili, pwa. "Hizi zote ziliongezwa hapa. Kwa mihogo niliyopanda mimi, kwa samaki wa ziwa hili la Nakivale. Siku watoto walipougua nilikuwa napungua, walipopona nilikuwa narudi. Fundi amesoma vizuri. Yeye ameandika kisigino, mimi naandika kiuno. Kila inchi ni ya Bwana, na anayecheka aje nimhesabie."

Nyimbo zilizofuata sitazieleza. Vumbi lilipanda mpaka hatukuonana. Sadaka ya siku ile ilihesabiwa na mimi mwenyewe kama katibu, na kulikuwa na kuku watano, mkungu wa ndizi na mayai ambayo mengine hayakufika salama. Wale wasomaji wanne waliobaki hawakuitwa. Mmoja wao, aliyekuwa ameandika kwa kalamu ya rangi tatu, hanisalimii mpaka leo.

Jumatatu asubuhi kiongozi wa kwaya alikuja barazani na gauni lake la zambarau ndani ya mfuko. Akatazama barabara kushoto na kulia, akasogeza kiti.

"Fundi, ile 44 nilikuwa nimevuta tumbo. Andika 46."

Niliandika. Nilikuwa nimekwisha kununua daftari la pili.